1 022 117

Papa,

Tangu tukuzike pale Sange, Mama hajakulilia. Amekukasirikia. Alipopanga vitu vyako alikuta kaye yako, lile daftari la hesabu, na ndani yake namba moja peke yake kwenye ukurasa, umeipigia mistari mitatu: 1 022 117.

"Ni numero ya telefone ya mwanamke," akaniambia. "Ameficha mwanzo tu."

Akajaribu kuiongezea mwanzo wa kila mtandao. Mara moja akaitika baba mmoja muuza mchele wa Luberizi, Mama akamuuliza kama nyumbani kwake iko na bibi anayekujua. Minye nilicheka. Halafu nikauona uso wake, nikaacha.

Nikamwambia si mtu, ni namba tasa. Weye mwenyewe uliniambia, siku ile tunachambua mchele barazani: "Hii, Neema, haigawanyiki. Kwa moja na kwa yenyewe, basi." Na minye nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu hapa Uvira, miaka yote hii.

Mama akanikazia macho. "Alikuambia, ama ulihakikisha?"

Papa, neno lile lilinichoma. Nilirudi kwenye kaye yako. Ulikuwa umegawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, ukapanda hivyo mpaka 997, ukaishia hapo. Kwa nini hapo? Weye ndiye uliyenifundisha kutosimama mpaka ile ninayogawia, ikizidishwa kwa yenyewe, ipite namba yote. 997 haifikishi. Na ukurasa uliofuata ulikuwa umechanwa. Nilianza kukushuku, sikufichi. Nilifikiri: alijua, akaficha.

Jumamosi nikaketi uani na kalamu ya biki, nikarudia zote, moja moja. Namba tasa mia moja sitini na nane, hakuna iliyokubali. Inayofuata ni 1009. Ikaingia sawasawa, bila kubakiza kitu. 1009 mara 1013.

Nikamwonyesha Mama. Aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa, ule ukurasa. Ni yeye aliyeuchana. Mwandiko wako, ule wa siku za ugonjwa, unaoyumba:

"1009 × 1013. Nimemdanganya N. miaka yote hii. Pasaka akija nitamwambia."

"Huyu N. ni nani?" Mama akauliza.

"Ni minye, Mama."

Aliisoma tena. Akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na ndipo akakulilia, Papa. Alilia mpaka majirani wakaja.

Hukuifikia Pasaka. Lakini umeniambia, nimesikia. Nisamehe kwa niliyoyawaza.

Lala salama, Papa. Jumatatu nitaiandika namba ile ubaoni, na nitawaambia wanafunzi kwamba nilikosea, na kwamba nilikosea kwa sababu nilikuamini bila kugawa. Mama ameomba aje kuketi nyuma ya darasa. Anasema anataka kusikia kwa masikio yake.

Binti yako,
Neema