Choa Chini ya Rangi ya Kijani

Chernivtsi, 9 Septemba

Mdogo wangu Melania,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu Julai. Uliuliza kwa nini sijaenda kumwona mjukuu wako. Paka aliniambukiza choa mkononi, nami nimekuwa nikikipaka ile dawa ya kijani, kama mama alivyotupaka sisi. Jana daktari wa ngozi alikasirika.

“Bibi, naona rangi tu, ugonjwa siuoni! Hii ni dawa ya vidonda, haiui fangasi. Osha, kisha paka malhamu hii wiki nne.”

Jirani yangu Paraska alicheka. “Mwalimu mzima unatishwa na daktari mtoto! Endelea na kijani, kabla hujaota manyoya kama paka wako.”

Nimesugua mpaka ngozi ikawaka, kijani hakitoki. Sijui kama choa kinapona au kinaenea. Ubatizo wa mjukuu wako ni Jumapili ijayo, na mimi ndiye mama wa ubatizo: nitampokea mtoto akitolewa majini uchi, kwa mikono hii. Kwetu mtu hakatai heshima hiyo, na binti yako hajui lolote. Nikimpokea, huenda nikamwambukiza.

Malhamu nimeianza leo. Nikishaamua, nitakuandikia wewe kwanza.

Dada yako,
Zinovia