Nani Anainyonya Betri ya Baba?

Nyumbani,
chumba cha nyuma, kando ya cherehani.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U mzima? Wifi yangu hajambo? Wanao wanakula vizuri, au yule mdogo bado anakikagua chakula kabla hajakitia mdomoni? Na kile kikohozi chako kimeisha, au umeshakizoea? Nijibu yote, usinikatie maneno kama kawaida yako.

Sisi huku hatujambo. Mguu wa Mama umepona kabisa, na fimbo ameitundika nyuma ya mlango, hataki hata kuiona. Mimi cherehani inanilisha na mgongo unanilalamikia. Leo nimeyaacha magauni ya watu mezani kwa sababu nina jambo ambalo nikiendelea kukaa nalo litanipasua. Linahusu gari la Baba.

Unakumbuka tulipofikia. Gari likikaa siku mbili tatu bila kuguswa, ukiliwasha linakohoa mara moja, kisha kimya. Jirani yetu seremala ametuunganishia betri yake mpaka akawa anakuja na nyaya mkononi kabla hajaitwa. Tukanunua betri mpya, nayo ikafuata njia ileile. Ndipo tukaanza kusema, kwanza kwa kunong'ona, kwamba Baba anasahau kuzima taa.

Wewe ulisema kwenye simu, nami nikakubali, kwamba ya Baba Mkubwa yalianza hivihivi, kwa sufuria iliyosahauliwa motoni na bomba lililoachwa wazi, mpaka siku aliyomwuliza mkewe yeye ni nani. Ukashauri gari liuzwe kabla Baba hajamdhuru mtu. Mnunuzi akapatikana. Alikuwa aje jana, Jumamosi.

Lakini lililoniuma halikuwa gari. Unaijua desturi ya Baba tangu enzi za udereva wake wa basi. Akizima injini haendi zake hivihivi, lazima alizunguke gari na kuigusa kila taa kwa kiganja, na akiikuta ya baridi anasema, "Imelala." Siku hizi alikuwa anazunguka mara mbili, mara tatu, anafika mlangoni anarudi tena. Asubuhi betri imekufa. Siku moja nilimkuta jikoni peke yake, anayataja majina yetu na ya wajukuu, moja moja, polepole. Nilirudi kinyumenyume asinione. Haikupita wiki akaja chumbani kwangu, akaweka funguo juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Akasema, "Zikae kwako. Mimi sijiamini tena." Kinanda, nililia na mkasi mkononi.

Ila unanijua, machozi yangu yakikauka udadisi unaamka. Nikaanza kujiuliza, mtu anayesahau, mbona anasahau taa tu? Dawa za Mama hajawahi kuzikosea hata mara moja. Tena mbona haya yalianza Mama alipopona? Alipokuwa akipelekwa mazoezi ya mguu kila siku, gari halikuwahi kugoma. Na jambo jingine, usinicheke, ni paka. Baba huacha kioo kimeshuka kidogo ili joto litoke, na paka hupenya hapohapo. Viti vyote ni vyake, lakini yeye hulala chini ya kiti cha abiria cha mbele, hapo tu. Nikasema ni mambo ya paka, nikapuuza.

Ijumaa nikamwita Cheche, yule fundi umeme wa magari wa barabara ya nyuma. Watu husema jina hilo alipewa kwa kazi yake, lakini ukimsikia akijibu wateja utajua lilitoka wapi. Baba alikaa kibarazani na gazeti mbele ya uso, na ukurasa haukugeuka.

Cheche aliweka betri yake mwenyewe iliyojaa, kisha akaufungua waya wa hasi na kuipachika mita kati ya waya huo na betri, ili umeme wowote unaotoka upite kwenye mita na uonekane. Ufunguo umetolewa, milango imefungwa. Alinieleza kwamba gari lililolala huonja umeme kidogo tu, wa saa na vitu kama hivyo. Hili letu lilikuwa linagugumia. Nikamwuliza kama kuna taa yoyote inayowaka. Akazunguka gari, akachungulia mpaka kwenye buti, akasema hakuna hata moja. Nilipotazama kibarazani, gazeti lilikuwa limeshuka.

Basi akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, mimi nasoma mita. Ni kama ninavyotafuta uzi unaokunja nguo, unavuta mmoja, unatazama, unavuta mwingine. Fyuzi itakayoshusha namba ndiyo yenye mwizi. Tukatoa ya taa, ya honi, ya feni, ya redio, na namba haikutikisika. Sanduku likabaki mashimo matupu. Cheche akakuna kichwa, akasema labda ni alteneta, ile mashine inayoichaji betri gari likitembea, akaifungua waya wake, na namba ikabaki vilevile. Akakaa juu ya tairi la akiba akaomba maji.

"Kuna kitu kinakula bila kupita mezani," alisema.

Nilikuwa nampa glasi ndipo paka akatoka dirishani, akajinyoosha, akaenda zake. Nikafungua mlango, nikaingiza mkono chini ya kile kiti, kiganja wazi, kama Baba anavyogusa taa zake. Palikuwa na joto. Cheche akasema hilo ni joto la paka. Nikamwambia mimi nashika pasi kila siku, paka hachemki hivyo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walikosea, maana wewe hukuwepo na lako lilikuwepo, chini ya kiti. Ni ile amplifaya uliyoifunga ulipokuja likizo, ukisema gari bila besi ni sanduku tu. Waya wake mkubwa uliutoa moja kwa moja kwenye betri bila kuupitisha kwenye sanduku la fyuzi, ukauficha kwa utepe mweusi katikati ya nyaya za kiwandani, safi kama mshono wa ndani. Kwa hilo nakusifu. Lakini ule waya mdogo wa kuiamsha na kuilaza amplifaya, ambao ulipaswa kuwaka na kuzimika pamoja na redio, uliuunga kwenye uleule mkubwa. Redio ikizimwa muziki unanyamaza, na amplifaya iko macho inaendelea kula. Zamani safari za Mama zilikuwa zinaijaza betri kila siku, ndiyo maana hatukuona. Kikulacho ki nguoni mwako, nami mshona nguo sikutazama.

Cheche akauchomoa waya mdogo. Namba ikaporomoka karibu na sifuri.

Baba alikuwa ameshafika nyuma yetu. Hakuuliza habari za nyaya wala za amplifaya.

"Kwa hiyo taa sikuziacha?"

Cheche, ambaye hana simile na mtu, alisimama wima akafuta mikono. "Hukuacha kitu, mzee. Taa zako zilikuwa zimelala siku zote."

Baba akalizunguka gari mara moja tu, akizigusa taa. Kisha akaninyooshea kiganja, nami nikampa funguo zake. Mnunuzi alipokuja jana hakukuta gari wala wenye gari. Baba alikuwa amemchukua Mama wakatembee, bila shughuli yoyote. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kukueleza.

Nilimwuliza Baba kama naweza kukuandikia haya. Akasema wewe ulitaka wazazi wako wasikie muziki mzuri, basi. Cheche alijitolea kuurekebisha waya, Baba akakataa. Amplifaya iko kabatini, anataka uje uimalize kazi yako mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Seremala pia, anasema amekunja nyaya zake. Hata Cheche anakusalimu, anasema mkono unao, ulichokosa ni subira. Msalimie wifi yangu, na wanao waambie shangazi yao anawashonea nguo, wasirefuke upesi. Mungu akulinde huko uliko, na siku ya kurudi akufikishe salama.

Jambo la mwisho. Tangu betri ianze kufa, umekuwa ukinipigia mimi kuuliza habari za Baba. Zamani ulimpigia yeye, kuuliza njia, kuuliza namna ya kufungua nati iliyogoma, kuuliza hata vitu unavyovijua. Aliona, Kinanda. Simu yangu ikilia alikuwa anaacha kutafuna, asikilize kama ataitwa. Sasa usimpigie kumwomba radhi, atakata simu. Mpigie umwulize kitu, chochote kile. Anakumbuka.

Ni mimi dada yako mdadisi,
nikupendaye bila kukoma.