Radhi ya Jumla

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Miguu imevimba, ndala tu ndizo zinazoingia.

Sumaiya amerudi na ratiba ya Wiki ya Chuo nimsahihishie Kiswahili. Huyu mjukuu wa marehemu kaka yangu anasoma palepale Kiembe Samaki niliposomesha mimi mpaka nikastaafu, na kamati imemchagua kuwa mtangazaji. Anajiona waziri! Nikachukua kalamu nyekundu kama zamani. Jumatatu ijayo usafi. Jumanne kuchangia damu. Jumatano mashindano ya bao na keram. Alkhamisi maonyesho ya mapishi na ushonaji. Ijumaa mapumziko. Jumamosi kilele — ngonjera, zawadi, na mwisho kabisa: "Kumuaga Maalim Muhiddin, Mkuu wa Chuo mstaafu, anayekwenda Hija. Maalim ataomba radhi kwa wote."

Kalamu ikasimama hapo.

"Pana kosa, Bibi?"

"Lipo. Lakini si la Kiswahili."

Hakusikia, simu yake ilikuwa inalia.

Kwa wote! Mtu anayekwenda Makka hupita mlango kwa mlango. Anakaa, anakunywa maji ya watu, anasema nisamehe niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua. Yaliyo baina yake na Mungu atayaombea hukohuko. Ya mtu humuomba mtu. Huyu anataka kutuomba radhi sote kwa maikrofoni mara moja, kama anayetangaza mtoto aliyepotea sokoni.

Jumatano, 14 Mei

Sijalala vizuri, lakini kwa furaha. Niandike kwa nini, maana hakuna mwengine nitakayemwambia.

Jana jioni Sumaiya kaja mbio kutoka kikaoni. Kamati imeamua kuwa Maalim akishaomba radhi, mwalimu mkongwe kuliko wote ajibu kwa niaba ya chuo kizima. Mwalimu mkongwe ni mimi. Wengine wamekwisha.

"Maneno machache tu, Bibi. Maalim, tumekusamehe, nawe utusamehe. Basi. Halafu dua, halafu tende."

"Nitakuja," nikamwambia.

Kanikumbatia. Alidhani atanibembeleza wiki nzima, maana tangu mwaka jana sijateremka ngazi hizi ila kwenda hospitali. Nami nikaingia chooni nikacheka peke yangu mpaka pumzi ikaniishia.

Wamenipa maikrofoni wao wenyewe! Mimi sikuomba.

Bashira, mdogo wangu. Nani anayemkumbuka pale chuoni? Alikuwa karani wa kupiga taipu. Vidole vyake vilikimbia bila ya yeye kuvitazama, huku anakuhadithia harusi ya juzi. Alikuwa ameshaposwa. Mwaka ule mtihani alioupiga taipu yeye ukavuja, na Muhiddin akawaita walimu na wanafunzi wote uani, akamsimamisha Bashira mbele yao na kumwambia amwage mkoba wake mezani. Kitana. Kopo la poda. Leso. Karanga kidogo kwenye karatasi. Wanafunzi wakacheka karanga. Hakukutwa na kitu, na bado alifukuzwa siku ileile. Mimi nilisema, nikapiga kelele, nikaambiwa natetea damu yangu. Kabla mwezi haujaandama watu wa mchumba wakaja kwa heshima zote kuvunja posa.

Akaenda kwa shangazi yetu, kijijini Uroa. Hakurudi mjini tena, hata Sikukuu. Akalima mwani na wanawake wa kule. Nilipomkosha alipokufa, vile vidole vilikuwa vimepasukapasuka kwa chumvi.

Na Muhiddin alijua. Hili ndilo nililolipata mwaka jana. Shaame, mpwa wake, alipokuwa anakwenda Hija alipanda ngazi hizi, akakaa hapo penye mkeka na kulia mtu mzima yule. Ni yeye aliyeuchukua mtihani, nyumbani kwa mjomba wake, kwenye droo. Mjomba akamjua wiki ileile. "Akanambia nyamaza, lishapita," kasema Shaame.

Lishapita! Bashira alikwenda Uroa bado anangoja aitwe kazini.

Shaame nilimsamehe. Alipanda ngazi.

Ijumaa, 16 Mei

Hospitali asubuhi. Daktari kijana, mpole, kanitazama miguu, kasikiliza moyo muda mrefu mno. "Bibi, upumzike, na usijikasirishe." Hakusema zaidi, nami sikumuuliza. Nimesomesha watu wengi, najua mtu anapoficha jibu.

Niko tayari. Lakini baada ya Jumamosi ile.

Wakati wa kunirudisha juu, jirani yangu wa chini, Mkadam, fundi mshonaji, alisaidia kubeba kiti. Ana baba Mnyamwezi na mdomo wa mjini.

"Bi Khairiya, nasikia Jumamosi ijayo tunakuteremsha tena. Unaolewa?"

"Naoa, Mkadam."

"Loh! Basi nikushonee kanzu!"

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, kijiko mkononi badala ya maikrofoni. Maneno nimeyapunguza kila siku. Mwanzo yalikuwa marefu, na Uroa imo, na karanga zimo. Sasa yamebaki haya: "Bashira hayupo akusamehe, na mimi sikusamehe." Kisha ninyamaze. Nisieleze kitu. Wamuulize yeye. Aeleze yeye, mbele ya mgeni rasmi, mbele ya wanawe na tiketi yake ya ndege. Amwage yeye mkoba wake.

Jumatatu, 19 Mei

Wiki imeanza. Sumaiya karudi na matope mpaka magotini, wamefagia mitaro. Anasema mkuu wa sasa alishika fagio kwa ajili ya picha tu.

Kisha kanambia: Maalim Muhiddin yupo pale kila siku, na bakora yake, anatazama vijana wanavyofunga mapambo. "Anakuulizia wewe, Bibi. Kila akiniona. Anataka kuja kukutazama."



"Mwambie ngazi zinatengenezwa."

"Hazitengenezwi, Bibi."

"Basi mwambie nimeshika wudhu wa kutoonana na wanaume."

Akacheka sana. Alidhani namfanyia mzaha Maalim. Na nimwache adhani hivyo.

Jumanne, 20 Mei

Kapiga simu mwenyewe. Nilikuwa nakula ndizi za nazi. Nikamfanyia Sumaiya ishara — nimelala! Sauti yake niliisikia kutoka simuni. Imekuwa nyembamba. "Basi mwache apumzike, mwanangu. Nitapiga tena."

Nikamaliza ndizi zangu. Tamu.

Alkhamisi, 22 Mei

Niungame kitu hapa, maana siku zangu ni chache na kwengine sitakisema.

Kwa miaka nilimuomba Mungu yule mtu aje. Apande, akae, alitaje jina la Bashira kwa mdomo wake. Nikamuomba kila Ramadhani. Sasa naomba asije. Baada ya kila sala naomba asije! Mwenyezi Mungu, mzuie njiani, mpe homa ndogo, muharibie gari, asifike hapa kabla ya Jumamosi. Kwa kuwa akija, akakaa pale penye mkeka na kusema nisamehe, mimi nitasema nini? Mtu akikuomba mlangoni kwako huwezi kumkatalia. Nitasema nimekusamehe, nitamkaribisha chai, na Jumamosi nitaishika ile maikrofoni kama kijiko kitupu. Nitakuwa nimenyang'anywa.

Namuombea mtu asitubu. Nimeisoma sentensi hii mara kadhaa. Ni kweli, na sijaifuta.

Leo maonyesho ya mapishi. Sumaiya kaleta mfuko wa chakula, sambusa na kachori zimeloa kwa mvua, na pembeni mkate wa kumimina mzima umefungwa vizuri. "Wa Maalim Muhiddin. Kasema ule ungali wa moto."

Nimemwita Mkadam juu nikampa. Kautazama, kauliza umetiwa nini. Nikamwambia iliki. Kala wote, naye bado mzima.

Ijumaa, 23 Mei

Nimeshikwa.

Baada ya sala ya Ijumaa nilidhani Sumaiya kashatoka. Nikasimama mbele ya kioo na kijiko changu. Nikasema maneno yangu, kwa sauti ya darasani. Nikageuka — mtoto amesimama na mtandio mkononi.

"Bibi. Hukumsamehe nani?"

Nimemwambia yote. Uani, mkoba, karanga, Uroa, Shaame. Bashira alimjua kwa picha tu, ile ya ukutani. Alikaa chini. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Mimi ndo ntakaekupa maikrofoni," kasema mwisho.

"Najua."

"Na kila mtu pale anajua wewe ni bibi yangu. Watasema nlipanga mimi."

"Waambie hukujua."

"Nshajua sasa!" Kasimama. "Na wewe Bibi ukishasema utarudi huku juu, na yeye atapanda ndege. Mimi Jumatatu nnakwenda darasani."

Hilo sikulifikiria. Lakini sikulirudisha nyuma neno langu pia. Nikamwambia: Bashira naye Jumatatu alikuwa na kazi ya kwenda.

Akauliza jambo moja tu, yuko mlangoni ameshavaa viatu. "Yeye Bibi Bashira alikwambia umfanyie hivi?"

Nikarudisha kijiko jikoni. Bashira hakuwahi kunambia lolote juu ya Muhiddin. Nilipokuwa natukana alikuwa akinipa mwani nimsaidie kuchambua.

Alikwenda wapi mtoto huyu, sijui. Amerudi baada ya magharibi, kala, kanipigia pasi buibui langu la kesho. Kalipiga vizuri, mpaka ncha za mikono.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imesita. Sumaiya katoka mapema kwenda kufunga maturubai. Vijana wa kiti watakuja saa tisa. Nimeshaoga, nimeshavaa. Mlango ameurudisha tu, hakuufunga, ili Mkadam aweze kunichungulia.

Nimekaa mezani. Maneno ninayo. Mikono baridi, lakini sauti ipo, nimeijaribu.

Ni saa nne. Nasikia Mkadam chini anamwamkia mtu. "Shikamoo, Maalim! Wapi tena na bakora?"

"Marahaba. Juu, kwa Bi Khairiya."

Ndiye! Ile sauti nyembamba. Sumaiya, mwanangu, umenifanya nini? Au Maalim amekuja kwa hiari yake? Sijui. Sitajua mpaka arudi.

"Maalim, lifti hamna hapa! Utakufa ngazini, Makka usiione!"

"Niache nipande polepole. Usinishike."

"Nikubebe mgongoni?"

"Niache, Mkadam. Huku nipande kwa miguu yangu."

Nimeichukua kalamu ili nisiinuke. Nikiandika mikono ina kazi.

Anapanda. Bakora, kisha mguu, kisha mguu mwengine. Anasimama. Anapumua kama mimi ninavyopumua. Ni sauti yangu mwenyewe inayopanda. Bakora tena. Mwaka ule uani alitembea haraka sana, walimu wanaume walikuwa wanamkimbilia nyuma.

Arudi. Bado anaweza kurudi. Yuko kwa watu wa chini yangu, namsikia anazungumza peke yake, au anasoma dua.

Ngazi za mwisho.

Yupo mlangoni. Kivuli chake kimeingia chini ya ubao wa mlango.

"Hodi."

Sikuitika.

Neno moja tu, karibu, na yote yameisha. Sitalisema. Sumaiya hayupo, mimi nimelala, mimi ni mgonjwa, mimi nimekwenda hospitali. Mlango haukufungwa, na hausukumi. Adabu anayo. Siku ile kwa Bashira aliiweka wapi?

"Hodi, Bi Khairiya."

Hiyo ya pili. Sote tumefunzwa tangu chuo cha Kurani: mtu hupiga hodi tatu, asipoitikiwa hugeuka na kwenda zake, wala halaumiwi mwenye nyumba. Moja imebaki. Aimalize! Aiseme aondoke, na saa tisa tukutane kwenye maikrofoni.

Haisemi.

Nasikia bakora inalazwa sakafuni. Anakaa. Mzee mzima amekaa juu ya simenti, kwenye maji ya mvua, mlangoni kwangu. Naye anajua. Hodi ya tatu akishaisema ni lazima arudi, kwa hiyo anaiweka. Anaweza kuiweka mpaka adhuhuri. Mimi pia naweza. Tuone nani atachoka.

Mkadam kachungulia toka chini: "Maalim, hayupo?"

"Yupo," kasema. "Hajataka."

Anajua. Vizuri. Ajue.

 Gari moja linapita barabarani na spika ya chuo, linawaita watu kwenye kilele, karibuni nyote, burudani, zawadi. Sauti ya Sumaiya wamerikodi. Mtoto anatamka vizuri.

Limepita.  Nimefunga mdomo kwa mtandio, kifua kinawasha.

Nimekohoa.

Wallahi si kwa makusudi! Kimetoka chenyewe, kikubwa, nyumba nzima imesikia, na kwa mtu wa hodi kukohoa ni kuitika.

Bakora inakwaruza sakafu. Anainuka.