Mama Kui, Kuja Uone

Jumatatu, 5 Mei
Taarifa ya saa moja. Rimoti mkononi kama kawaida. Shosho kitini kwake, blanketi magotini. Vichwa vya habari vikaisha, ule muziki wa kuingiza matangazo ukaanza, nikabonyeza. Sauti ikafa. Nikainuka kwenda kuangalia sufuria. Niliporudi, tangazo la sabuni ya unga lilikuwa linamalizia. Lile lingine lilikuwa limeshapita. Nimewahi.

Shosho amenuna. Anakunja tu pembe ya blanketi na kuikunjua.

Na anune. Ni mamake mume wangu Kimani, namheshimu, lakini nyumba hii nimejenga mimi na televisheni nimenunua mimi, kwa viazi. Nilianza na ndoo moja kando ya barabara ya Dundori. Sasa nina stoo. Sitaitwa na mume aliyekufa nikiwa kwa kochi langu mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei
Leo nimechelewa. Mteja wa Nakuru alipiga simu kuhusu magunia ya kesho, nikaacha rimoti mezani, nikaenda jikoni nikiongea. Nikamaliza simu. Nikashika kisu nimenye kitunguu.

"Mama Kui! Kuja uone!"

Nikajibu. Nimejibu kabisa. Nikasema nakuja, nikaweka kisu chini, nikapangusa mikono, nikafika mlangoni. Ndipo nikakumbuka ni tangazo.

Kwa kioo cha televisheni, Kimani amesimama zizini na kofia ya kampuni, anacheka. Yule mwanamke akatokea na jagi. Amevaa sweta yangu.

Mukimo wa viazi na mahindi umeungua. Sikula.

Alhamisi, 8 Mei
Niandike vile ilikuwa, labda itatoka kichwani.

Mwezi wa kumi na moja, watu wa kampuni moja ya chakula cha ng'ombe walikuja na kamera. Walikuwa wamesikia vile ng'ombe wetu Sukari anatoa maziwa. Walitaka mkulima wa kweli. Mke wa kweli hawakumtaka. Walikuja na wa kwao kwa gari, msichana wa Nairobi, kucha ndefu, hajawahi kukamua hata siku moja. Sweta yake ilionekana ya mjini mno, wakaniomba yangu ya pinki. Nikavua. Mimi nikapewa kamba ya Sukari niishike, nisimame nje ya picha, ng'ombe asimpige msichana teke. Kamba inaonekana kwa tangazo. Inatoka shingoni mwa Sukari mpaka ukingo wa kioo, inakatika hapo. Mwisho wake niko mimi, na blauzi nyepesi, kwa ile baridi ya huku juu.

Kimani aliambiwa amwite msichana "mpenzi". Hakuweza. Alijaribu mara tano. Kila mara anaangalia gambuti zake, anakohoa. Majirani kwa ua wanacheka mpaka wanashikana. Mwanamume wa Dundori hamwiti mkewe mpenzi mbele ya watu. Hata wakiwa wawili tu hamwiti. Mwenye kamera akachoka, akamwambia basi, mwite vile unamwita mke wako nyumbani.

Akaniita mimi.

Tangu siku hiyo akawa hataki niguse chaneli wakati wa matangazo. Alikuwa anangojea kujiona. Aliambia soko zima, kanisa zima. Mwezi wa kwanza presha ikamwangusha pale pale zizini. Tangazo likaanza mwezi wa tatu.

Hajawahi kujiona.

Jumapili, 11 Mei
Binti yangu Kui amekuja kutoka Nakuru. Ameona vile mimi na nyanyake hatuongei. Ameleta suluhisho la watoto wa siku hizi: tuweke intaneti, tulipe kila mwezi, tutazame bila tangazo hata moja. Nilikuwa tayari nimepiga hesabu kichwani. Inawezekana.

Shosho akauliza, "Na babako atapitia wapi?"

Kui akaangalia chai yake. Intaneti hatuweki.

Jumanne, 13 Mei
Rimoti imepotea. Nimeinua mito, nimevuta kochi, nimepiga magoti na tochi. Shosho ananitazama tu kama mtu wa kanisa. Saa moja ikafika, nikatoka nje nikasimama kwa baridi nyuma ya tangi la maji mpaka matangazo yakaisha. Mimi, mwenye stoo.

Baadaye nimeipata ndani ya ndoo ya unga. Imefungwa vizuri kwa karatasi ya nailoni isiharibike.

Jumatano, 14 Mei
Kimani ameniita mchana.

Nilikuwa zizini nikimwekea Sukari chakula. Nikaisikia kutoka nyumbani, wazi kabisa, na ule mkwaruzo wake wa koo. Nikaacha karai, nikakimbia kumkemea Shosho kwa kuwasha televisheni mchana. Shosho alikuwa amelala chumbani kwake. Televisheni imezimwa. Waya imechomolewa ukutani, mimi mwenyewe niliichomoa asubuhi kwa sababu ya radi.

Niliporudi, Sukari alikuwa amesimama na kichwa juu, masikio mbele, anaangalia nyumba.

Hii lazima iishe. Nina biashara ya kuendesha.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeenda mjini, ofisini kwa ile kampuni. Kijana wa mambo ya matangazo amenipokea vizuri, pole mathe, maji baridi, kiti. Hawakuwa wanajua Kimani alikufa. Akashika kichwa. Lakini tangazo hawawezi kutoa, kuna makubaliano, Kimani alikubali lionyeshwe miaka miwili. Na linauza, akasema, akatamani hangesema.

Nikamwambia sikuja kuomba kitu. Nataka jina langu litoke. Nataka niache kuitwa.

Akafikiria. Picha ibaki, sauti ibadilishwe. Studio watafanya, si kazi. Akaniuliza kama familia yote imekubali.

Nikasema ndiyo. Shosho sikuwa nimemwambia. Kui pia.

Nimerudi nikiwa mwepesi. Nimenunua ndizi njiani.

Jumanne, 20 Mei
Bado ni ile ya zamani. Nimezima sauti nikaenda jikoni. Shosho aliniomba nimwachie leo tu, moja tu. Ameomba, yeye ambaye haombi. Nikasema kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 22 Mei
Imekuja. Leo sikubonyeza. Shosho akanitazama, akashangaa, akavuta kiti mbele na kufunga kilemba vizuri, kama mtu aliyepata mgeni.

Kimani akasimama na kofia yake. Akafungua mdomo.

"Mpenzi, njoo uone!"

Sauti nzito, ya mtu wa redio. Kiswahili kimepigwa pasi. Inatoka kwa mdomo wa Kimani na haifanani hata na meno yake. Msichana akatokea na jagi, ameitwa, ameitika. Sasa kila kitu kinalingana. Sasa ni mume wake.

Shosho alikazia kioo macho mpaka taarifa ikarudi. Halafu, bila kuniangalia:

"Nani huyo anaongea na mdomo wa mtoto wangu?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Mama Kui. Nimeuliza."

Nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama kwa awamu kama anavyosimama siku hizi, akachukua blanketi lake, akaenda chumbani. Habari za spoti hazikuwa hata zimeanza.

Ijumaa, 23 Mei
Nimempigia kijana wa kampuni. Nimeomba warudishe ya kwanza. Hajui kama iko, studio walirekodi juu yake, atauliza. Hatauliza, nimesikia kwa sauti. Akasema, kwa heshima, "Lakini mathe, si ni wewe ulitaka?"

Ni mimi.

Kui, nilipompigia, ametafuta kwa simu yake. Hana sauti ya babake mahali popote. Kimani alikuwa na simu ya mulika mwizi, ya kupiga na kupokea tu, na hata hapo alikuwa anaongea maneno matatu na kukata kuokoa salio. Kui akaanza kulia, akakata simu. Amekata kama babake.

Jumatano, 28 Mei
Shosho anakula chumbani. Nikimsalimia anaitikia vizuri, kwa adabu, kama mtu amenikuta dukani.

Nilienda zizini mchana, saa ile ile ya siku ile. Nikaweka chakula polepole. Nikasimama na karai. Nikangoja. Upepo tu kwa mabati. Sukari hakuinua kichwa, alikuwa anakula.

Haniiti tena. Nilichotaka nimepata.

Nachukia nyumba hii.

Ijumaa, 30 Mei
Matangazo yakaanza nikiwa peke yangu. Nikabonyeza kuzima sauti, kwa sababu ya huyo mtu wa redio, simtaki kwangu. Lakini sikuinuka. Mguu ulikuwa unauma, kazi ya stoo. Ndiyo sababu tu.

Miezi yote hii sijawahi kumtazama uso vizuri. Nilikuwa nakimbilia jikoni.

Bila sauti, mdomo haudanganyi. Midomo inafunga, inafunguka, inafunga tena. Ma-ma. Halafu inachongoka kidogo mbele. Kui. Hakuna mpenzi hapo, hata kidogo. Walibadilisha sauti. Mdomo hawakuweza.

Na macho. Msichana anatokea upande wa kushoto na jagi lake, na Kimani hata hamwangalii. Macho yake yanafuata kamba. Yanapita shingo ya Sukari, yanapita kamba yote, mpaka ukingo wa kioo pale inapokatika, na yanaendelea.

Anacheka na mtu anayetetemeka kwa baridi nje ya picha.

Jumapili, 1 Juni
Mvua tangu mchana. Hatukufungua stoo.

Dakika chache kabla ya saa moja nikagonga mlango wa Shosho. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, yakapotea yote. Nikasema tu, kuja uone.

Alikuja. Nikamwekea kiti karibu, nikamfunika magoti. Vichwa vya habari, muziki, nikabonyeza. Alinitazama vibaya kidogo, nikamwonyesha kioo kwa kidole.

Kimani akafungua mdomo.

Shosho akainama mbele. Midomo yake mwenyewe ikasogea, ikafuata ya mwanawe. Akashika mkono wangu, ule wenye rimoti.

"Si umwitikie," akasema.

Nikaitikia. Kwa sauti ya chini.

Sabuni ya unga ikaingia, ikapita. Taarifa ikarudi, mtu akaongea sana bila kusikika. Tulikaa hivyo hivyo na mvua juu ya mabati. Sauti sikuirudisha.