Falonne alikata kikwembe ya ndege

Agnès, uko fasi gani? Falonne wa Mutoshi, ule anauzishaka bikwembe, bitenge ya zamani, mu groupe yetu ya telefone, alikata ile ya picha ya ndege. ALIKATA na makasi!

Mi njo nilitangulia kuandika "ni yangu." Bote balimona. Unajua, mama yangu balimuzikaka na ya vile. Miaka yote niko natafuta ingine.

Kumbe mwanamuke mwingine alimufata pembeni, naye anaitaka. Sasa Falonne ananiandikia: "Mama, nimegawanya, kila mutu nusu. Si ni haki?"

Haki! Na makasi!

Nusu yangu, ndege habana bichwa.

Nilimujibu mbele ya groupe yote: "Chunga nusu zote mbili, binti. Utapangusia masahani."

Anajibu: "Merci, mama."

MERCI, Agnès!