Maziwa ya Kakuma

Jumanne, 18 Desemba 2012. Kakuma.

Nimefika saa tisa mchana, vumbi mpaka kwenye meno. Mama alikuwa ameketi mlangoni anapima makaa kwenye mikebe. Hakunisalimu. Aliniangalia kuanzia miguuni, akarudia tena, halafu akauliza kama huko Ulaya hakuna chakula.

Wa kumi na moja. Ndiyo nafasi niliyopata Oktoba kwenye mbio za huko. Sijaiandika hapa mpaka leo kwa sababu naona aibu. Daktari wa Eldoret anasema damu iko chini. Kocha Shadrack kanipa wiki moja ya kulala tu, halafu nianze polepole. Mkataba wangu wa viatu unaisha mwisho wa Aprili. Nisipokimbia nusu marathoni chini ya dakika sabini kabla ya hapo, wataniacha. Miaka ishirini na sita, na sijui kazi nyingine yoyote.

Jioni Mama akatoa lililo moyoni. Wanawake wa bombani wanasema yeye Nabei anakula jasho la binti yake, na binti anabaki mifupa. Alilisema akiwa amenipa mgongo. Limemchoma kweli.

Jumamosi, 29 Desemba 2012. Kakuma.

Vibuyu viwili vya maziwa kwa siku — asubuhi na jioni. Mama anasimama pale mpaka nimalize, kama askari jela!

Leo alikuja Nyaruach, Mnuer wa kambi ya wakimbizi, mteja wake wa makaa wa miaka mingi. Alinishika kifundo cha mkono akakizungushia vidole viwili, vikakutana na nafasi ikabaki. Akacheka. Kisha wakakaa pembeni na Mama wakinong'ona kwa kile Kiswahili chao cha sokoni. Binti wa Nyaruach alikuwa mwembamba, sasa ana mashavu, mume kapatikana. Hayo ndiyo niliyosikia. Nikaona ni umbea wa wazee, nikalala.

Kilomita nane tu, barabara ya Kalobeyei. Nilichoka kama nimebeba mtu mgongoni.

Jumapili, 13 Januari 2013. Kakuma.

Kuna kitu kimefunguka. Kilomita ishirini jana na kifua hakikunisumbua hata kidogo. Nilipofika kwenye laga, ule mto mkavu, niliruka mchanga kama msichana wa darasa la sita. Nimeongeza kilo tatu, na si za tumbo. Mapaja yamejaa. Chunusi zimenitoka kidevuni, lakini sikimbii kwa kidevu.

Kanisani wanawake walinitazama. Mama alikuwa amevaa shanga zake zote, na alipita katikati ya viti polepole kuliko ilivyohitajika. Wale wa bombani walikuwa safu ya tatu. Sijamwona na furaha hiyo tangu Baba azikwe.

Shadrack alipiga simu. Nimempa muda niliokimbia wiki hii, akauliza ninakula nini. Maziwa, nikamwambia. Akasema basi nisiache.

Jumatano, 6 Februari 2013. Lodwar.

Niko kwa kaka Longor tangu wiki jana. Sisi wakimbiaji wa daraja la kimataifa tunatakiwa kuandika kwa simu kila siku tutalala wapi, na saa ipi watu wa kupima dawa za kuongeza nguvu wakija watatukuta. Kakuma mtandao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo Mama ananitumia maziwa kwa basi, mtungi wa lita tano, Jumatatu na Alhamisi.

Leo wamekuja! Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamume na mwanamke kutoka Nairobi, na mkoba kama wa kuhifadhia barafu. Mwanamke lazima asimame aone mkojo unavyotoka. Longor alikasirika sana, akataka kujua ni mgeni gani anayebisha hodi kwa watu ili amtazame dada wa mwenye nyumba akikojoa. Majirani wakajaa uani. Nami mkojo ukagoma. Chupa nne za maji, saa mbili nzima, yule mama akinifuata kila ninapogeuka.

Mwishowe ukatoka. Ukagawanywa chupa mbili, A na B, zikafungwa mbele ya macho yangu. Kwenye fomu wanauliza dawa zote ulizotumia siku saba zilizopita. Nikaandika: hakuna. Halafu nikaongeza: maziwa ya mbuzi. Yule mama akacheka, nami nikacheka.

Jumapili, 24 Februari 2013. Ureno.

Nimeshinda. Saa moja, dakika nane, sekunde arobaini na moja! Miguu haikuwa yangu.

Redio ya nyumbani ilinipigia simu hotelini kuuliza siri yangu. Nikasema siri ni maziwa ya Mama. Longor anasema wamelirusha jibu hilo mara tatu, na Kakuma nzima wanamwita Mama "Maziwa". Meneja anasema watu wa viatu wanaandaa mkataba wa miaka mitatu.

Jumatatu, 4 Machi 2013. Lodwar.

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali. Walinitambua wakanipitisha mbele.

Jumanne, 19 Machi 2013. Lodwar.

Barua ya watu wa kupima imekuja kwa imeli. Simu yangu ilikataa kuifungua, nikaenda saiba kuisoma kwenye kompyuta. Yule jamaa wa saiba akaichapisha, akaisoma kabla hajanipa, kisha akakataa pesa yangu. Hapo ndipo nilipojua ni mbaya.

Stanozolol. Chupa A ya tarehe sita Februari. Ni dawa ya kujenga misuli, imekatazwa wakati wote, mashindano yawepo yasiwepo. Nimesimamishwa kuanzia leo. Nina siku saba za kuomba chupa B ifunguliwe, na siku ishirini na moja za kujieleza.

Nimelisoma hilo neno mpaka likawa kelele tu. Sijawahi kulisikia. Sijadungwa sindano na mtu tangu ile ya pepopunda.

Ijumaa, 22 Machi 2013. Lodwar.

Nimeandika kila kitu nilichotia mdomoni tangu Desemba. Ugali, maharagwe, mbuzi, chai, maziwa, samaki wa ziwani, zile chumvi za maji ambazo timu nzima inatumia. Nimemshuku mkandaji wa misuli wa Iten. Nimemshuku msichana niliyelala naye chumba kimoja Ureno, ingawa Ureno ilikuwa baada ya kipimo. Akili imeanza kuchacha.

Shadrack alipiga simu. Sikupewa hata pole. "Nani alikudunga, Namuria? Niambie mimi kabla hujawaambia wao." Nikamwambia hakuna. Akasema kila mtu husema hivyo, akakata simu. Miaka saba nimekuwa naye!

Dukani walikuwa wakilitaja jina langu, nilipoingia wakageukia bei ya sukari. Habari imefika.

Jumapili, 24 Machi 2013. Kakuma.

Nimekuja kumweleza Mama mwenyewe kabla hajaambiwa bombani. Nikamwambia wamekuta dawa mwilini mwangu.

Akatikisa kichwa akitabasamu. Akainuka, akaenda kwenye sanduku la shanga zake, akarudi na karatasi ya vidonge iliyokunjwa ndani ya kitambaa. "Ni hii," akasema. "Ni mimi niliyekupa. Si unaona ilivyokusaidia?"

Nilisoma nyuma ya ile karatasi. Jina ni lile lile. Vidonge vyeupe, vidogo, vimebaki sita.

Nyaruach ndiye aliyempeleka, kwa Majok, anayeuza dawa kwenye kibanda kule kambini. Vidonge vya kunenepesha. Mama alivisaga kwa jiwe akavikoroga kwenye maziwa, viwili asubuhi, viwili jioni, na kwenye ule mtungi wa basi akatia kumi. Kumi! Aliuza makaa mara mbili zaidi ili avinunue. Hakuniambia kwa sababu nilikuwa ninakataa hata Panadol.

Nilipiga kelele. Nilimwita mama yangu mjinga, mbele ya mlango wake, watu wakipita. Sijawahi. Alikaa chini akaanza kuzikusanya shanga zilizoanguka kutoka sandukuni, moja moja, na hakuuliza nilichosema maana yake nini. Baadaye nikamweleza taratibu: kushindana na hicho alichonipa kunaitwa wizi, na nitafukuzwa kazini miaka miwili. Akauliza aliyeibiwa ni nani.

Najichukia leo.

Jumatano, 27 Machi 2013. Kakuma.

Juzi nilipata wakili Lodwar, anaitwa Losike. Kwa simu akaniambia nina bahati kuliko nilivyodhani. Nikionyesha dawa iliingiaje, na kwamba sikujua, adhabu inaweza kushuka hadi mwaka, pengine chini ya hapo. Anataka vitu vitatu: vidonge vilivyobaki, neno la muuzaji, na kiapo cha Mama. Nililala usingizi wa kwanza wa wiki.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Majok. Mtu mpole, mrefu, kibanda kisafi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Dada, mimi ni mkimbizi. Sina karatasi ya kuuza hata Panadol. Hiyo yako nikisaini, mimi nimejifunga mwenyewe, na watoto watano." Hakukana kwamba aliuza. Alikataa kuandika tu. Nyaruach naye alinipa kiti, akanipa chai, akaniambia hamjui Majok yeyote.

Nikasema si kitu, vidonge vipo. Nikarudi nyumbani.

Harufu ya mbuzi aliyechinjwa. Mama amekaa kivulini, uso umetulia. Alikuwa ameamka alfajiri akaenda kwa emuron, mwaguzi wa upande wa kwao, akamweleza kwamba amemtilia binti yake kitu kibaya. Emuron akamwagiza amletee kitu chenyewe. Akakisaga, akachoma ile karatasi, akafukia majivu kwenye mchanga wa laga. Mbuzi alikuwa wa mwisho wa maziwa. Mama alinisogelea na kibakuli cha ujiuji wa tumbo la mbuzi, anipake.

"Imeisha sasa," akaniambia. "Imetoka kwako."

Ningefanya nini? Alikuwa hajala tangu Jumapili. Nikapiga magoti akanipaka kifuani na kwenye paji la uso, akitaja majina ya watu wetu waliokufa. Baadaye nilikwenda lagani nikachimba kwa mikono mpaka kucha zikavunjika. Mchanga ni mchanga. Mbwa walikuwa wananitazama.

Alhamisi, 28 Machi 2013. Kakuma.

Sikutoka nje.

Jumanne, 9 Aprili 2013. Lodwar.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Losike. Chupa B imefunguliwa wiki jana. Ni ile ile. Watu wa viatu wameshaandika wenyewe, mistari minne, wanasikitika kwamba mkataba hakuna tena.

Losike anasema sasa tumebaki na kiapo cha Mama tu. Neno la mwanamke asiyejua kusoma, dhidi ya maabara. Lakini anadhani watamwamini, kwa sababu hajui kudanganya, na hilo linaonekana usoni. Wakimwamini, mwakani huenda nikakimbia. Wasipomwamini, ni miaka miwili, nami nitakuwa na ishirini na nane bila mkataba wala kocha.

Mama ameshatia kidole cha wino kwenye kiapo chake. Tulikuwa wote mle ndani, na mimi ndiye niliyemtafsiria. Losike akauliza: binti yako alijua? Mama hakungoja nimalize kutafsiri. "Hakujua kabisa. Andika hivyo. Dhambi ni yangu peke yangu." Nikalitafsiri neno kwa neno, na sauti yangu haikutikisika.

Kuna jambo sijaliandika humu. Daftari hili halisomwi na mtu, na bado sikuliandika. Tarehe saba Januari nilimaliza maziwa ya jioni nikakuta chenga nyeupe chini ya kibuyu. Nilizigusa kwa ulimi. Chungu. Siku ile ndipo nilipokimbia vizuri mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Nikamwangalia Mama, naye akaangalia pembeni. Ningeuliza, na neno moja lingetosha. Nikasuuza kile kibuyu mwenyewe kwa maji, nikanywa na yale maji. Tangu siku hiyo nilimaliza kila tone. Damu yangu ya mwezi ilikoma. Sauti ilipozidi kukwaruza nikasema ni vumbi. Na yule mama wa Nairobi aliponipa fomu niliandika "hakuna" kwa mkono uliotulia kabisa.

Sikujua ni nini. Hilo ni kweli. Lakini nilijua ni kitu, nami nikanywa, halafu nikamwita mjinga mbele ya watu.

Karatasi yangu iko mezani kwa Losike. Nimeiona. Kifungu cha nne: *Mimi Namuria sikujua, wala sikushuku, kwamba kuna chochote ndani ya maziwa.* Nisiposaini, kiapo cha Mama hakina kazi na nimekwisha. Nikisaini, yeye ndiye aliyeniua, imeandikwa, ina muhuri, na ataibeba Kakuma mpaka azikwe. Ameketi karibu nami sasa hivi. Amelowesha kidole kwa mate anakisugua kwenye shuka yake. Wino umekataa kutoka. Ananiuliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia ni mazoezi.

Mama, nilijua. Ni maneno mawili, na kwa Kiturkana ni mafupi vilevile. Nimeyaweka mdomoni mara tatu tangu tutoke mle ndani.

Karani amefungua mlango. Anauliza Namuria ni nani. Mama amenitangulia kujibu, ananinyooshea kidole kile kile chenye wino, na anatabasamu. Nafunga daftari.