Moto wa Tajiri kwenye Kilio cha Jirani

Kapata, Jumamosi, Septemba 1974

Na bado nasema sikukosea. Mfano wa tajiri na Lazaro si ramani ya jehanamu. Yesu aliwasema wapenda mali. Wafu wamelala, hawajui neno. Leo kwenye kilio cha jirani yangu mchimbaji nilimbana pastere kwa aya hata akafunga Biblia.

Furaha yangu haikufika jioni. Mdogo wa marehemu alinishika mkono, anacheka, ananiita raia kwa Kifaransa kama serikali inavyotaka.

"Aksanti, sitwayeni. Pastere alikuwa anatuogopesha: mwenye kukamata bitu ya mujane atawaka moto. Sasa umetufungua."

"Mi sikusema Mungu hahukumu."

"Ulisema kaka yetu analala, haone kitu. Basi alale."

Nikaingia kumtafuta mjane. Alikuwa ameketi chini, kitambaa cheusi kichwani, kama desturi inavyotaka. Nyuma yake mashemeji walikuwa wanapima kitanda kwa kamba, waone kama kitapita mlangoni.

Aliniangalia bila hasira. "Tata, ile moto njo ilikuwa inanichunga, mi na bitu yangu."

Kesho asubuhi mashemeji wanaleta kamyo, lori la kubebea vitu vyake. Nitasimama mlangoni, lakini sijui nitawatisha kwa kitu gani.